Mtandao Unasumbua: Kutoka Dalili Hadi Chanzo Kabla ya Kununua Kasi Zaidi

Ofisi nyingi, shule na hata vyuo, intaneti ikianza kusumbua, hukimbilia jambo moja: kumpigia mtoa huduma na kupandisha kifurushi. Wanatoka Mbps 20 kwenda 50, kisha 50 kwenda 100. Bili inapanda, na muda si mrefu malalamiko yanarudi yaleyale: ukurasa unazunguka tu, simu ya video inakatika, mfumo wa wanafunzi haufunguki.

Sababu ni kwamba nyuma ya neno "polepole" kuna matatizo manne tofauti. Laini inaweza kuwa na uwezo mdogo. Pakiti, yaani vipande vidogo ambavyo data hugawanywa ili isafiri, zinaweza kuwa zinacheleweshwa kwenye foleni. Pakiti zinaweza kuwa zinapotea. Na njia yenyewe inaweza kuwa ndefu kuliko inavyostahili. Kifurushi kikubwa kinatatua la kwanza peke yake. Hayo mengine matatu yatakufuata hata ukinunua Gbps 1. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwanza. Pesa ya shule inayokwenda kwenye kasi isiyotumika ingeweza kununua kompyuta.

Anza kwa waya

Chomeka kompyuta moja kwenye ruta kwa waya, kisha rudia kile kinacholalamikiwa. Tatizo likitoweka, mtoa huduma hana kosa. Shida iko kwenye Wi-Fi yako. Kwenye masafa ya GHz 2.4 ni chaneli 3 tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo lenye ofisi nyingi kila ruta inapigania hizohizo. Hamia GHz 5 pale vifaa vinaporuhusu, sogeza ruta kutoka kwenye kabati la chuma, na mambo mengi yatakaa sawa hapo hapo.

Tatizo likibaki hata kwa waya, chukua vipimo vitatu vya ping, amri inayotuma pakiti ndogo na kuhesabu milisekunde hadi jibu lirudi: kwenda kwenye ruta yako, kwenda kwenye kituo cha kwanza cha mtoa huduma, na kwenda kwenye seva ya mbali. Chukua alfajiri watu wakiwa wamelala, na chukua tena saa 4 asubuhi kazi ikiwa imepamba moto. Tofauti kati ya seti hizo mbili itakuongoza kwa yote yanayofuata.

Dalili: kipimo cha kasi ni kizuri, lakini simu ya video inakatika mtu mwingine anapopakia faili

Hii ndiyo dalili inayowala watu pesa kuliko zote, nami nitakaa hapa kidogo.

Fungua dirisha la amri na uache ping iendelee kwenda kwenye seva yoyote thabiti. Andika namba unazoziona mtandao ukiwa umetulia. Tuseme ni milisekunde 40. Sasa mwambie mwenzako apakie faili kubwa, video au nakala ya hifadhidata, huku wewe ukiangalia. Namba zikipanda hadi mia kadhaa, au zikavuka 1000, na kisha zikashuka mara tu upakiaji unapokwisha, chanzo umekipata: foleni ndani ya ruta au modemu imekuwa ndefu mno.

Kinachotokea ni hiki. Ruta inapopokea pakiti nyingi kuliko laini inavyoweza kupitisha, huzihifadhi kwenye bafa zisubiri zamu. Kumbukumbu ni rahisi kununua, kwa hiyo watengenezaji wakaweka bafa kubwa wakiamini kwamba kutopoteza pakiti ni jambo jema daima. Lakini TCP ya kawaida, kanuni ambayo kompyuta hutumia kutuma data na kurudia iliyopotea, inajua kwamba njia imejaa pale tu inapoona pakiti imepotea. Bafa kubwa inaficha upotevu huo, hivyo mtumaji anaendelea kumimina, na foleni inarefuka. Piga hesabu: bafa ya megabaiti 1 ni takriban biti milioni 8. Laini yako ya kupakia ikiwa Mbps 2, pakiti inayoingia mwisho wa foleni hiyo itasubiri sekunde 4. Sauti ya mkutano wa video haiwezi kuvumilia hata sekunde moja.

Tatizo la msongamano lina historia ndefu. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Si elfu 40. Ni 40 tu. Mtafiti Van Jacobson alilichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 akachapisha mbinu ambazo hadi leo zinaizuia TCP isiuzamishe mtandao. Mbinu hizo, hata hivyo, zilitegemea pakiti zipotee kwa wakati ili mtumaji ashituke. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, mhandisi Jim Gettys alipoanza kuchunguza kwa nini intaneti ya nyumbani kwake inakwama, aligundua kwamba bafa zilizovimba zilikuwa zimeziba masikio ya TCP. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, mbinu ya kusimamia foleni ambayo haihesabu pakiti ngapi ziko kwenye foleni bali inaangalia pakiti imekaa humo muda gani. Ikikaa kupita kiasi kwa muda unaoendelea, CoDel inaanza kutupa baadhi ili mtumaji apunguze.

Tiba yake haina gharama kubwa. Ruta inayotumia mfumo wa OpenWrt inaweza kuwekewa programu ya SQM ya kusimamia foleni. Ruta za MikroTik zilizojaa kwenye ofisi zetu, zikiwa na RouterOS 7, zina aina za foleni za fq_codel na CAKE, zinazofuata wazo la CoDel. Pima kasi halisi ya kupakia na ya kupakua, kisha weka kikomo kwenye takriban asilimia 90 ya kila moja. Watu hushtuka wakiambiwa wapunguze kasi kwa makusudi, lakini hapo ndipo siri ilipo: foleni inapaswa kuundwa kwenye ruta yako, inayojua kuisimamia, isiundwe kwenye modemu ya mtoa huduma isiyojua. Ukiweka kikomo juu ya uwezo wa laini, umefanya kazi bure.

Kwa wanaotumia modemu za 4G kuna ugumu, kwa sababu uwezo wa laini unabadilika kadiri watu wanavyoongezeka kwenye mnara. Chukua vipimo vya saa zenye msongamano na uweke kikomo kwa hizo. Utapoteza kasi kiasi usiku. Mikutano ya mchana itasikika.

Dalili: mfumo ulio nchi jirani unachelewa kuliko tovuti ya Ulaya

Hapa tumia fizikia kabla ya kumlaumu yeyote. Mwanga ndani ya mkongo wa nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Dar es Salaam hadi Nairobi ni takriban kilomita 670 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 6.7 hivi, na kwa kuwa mikongo haiendi kama ndege arukavyo, 15 hadi 25 ni namba ya kuridhisha. Ukipata 250 au 300, pakiti zako hazikwendi Nairobi moja kwa moja. Kuna uwezekano mkubwa zimepanda hadi London, Marseille au Amsterdam, zikakabidhiwa huko kwa mtoa huduma wa pili, ndipo zikateremka.

Thibitisha kwa traceroute (kwenye Windows ni tracert), amri inayoorodhesha ruta ambazo pakiti inapitia na muda wa kufika kila moja. Majina ya ruta za njiani mara nyingi hubeba vifupisho vya miji: lon, mrs, ams. Ukiona namba zikiruka ghafla kutoka 10 hadi 150 na zikabaki huko juu hadi mwisho, mruko huo ndio bahari uliyovuka.

Chanzo ni cha kibiashara na kiutawala kuliko cha kiufundi. Watoa huduma wawili wasipounganishwa kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, watakutana kwa yule wanayemlipa wote wawili, na huyo yuko Ulaya. Nairobi ilipigania jambo hili mapema. Kituo cha KIXP kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa ndani ya wiki chache baada ya kampuni ya simu ya taifa kulalamika kwamba haki yake ya kipekee imevunjwa, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Wakati ule trafiki kati ya majirani wawili wa Nairobi ilipitia setilaiti zilizoko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja tu ni takriban milisekunde 240, kabla hujahesabu safari ya kurudi.

Leo Dar es Salaam ina TIX, Kampala ina UIXP, na miji mingine ina vituo vyake. Lakini kuwepo kwa kituo si sawa na watoa huduma kukitumia. Utafiti uliotoka mwaka 2014, uliotumia ruta ndogo za kupimia zilizowekwa majumbani Kenya, Afrika Kusini na Tunisia, ulionyesha hilo waziwazi: njia nyingi za ndani ya Afrika zilikuwa zikizungukia Ulaya kwa sababu watoa huduma hawakuunganishwa kwenye vituo vya karibu, au walikuwepo vituoni bila kubadilishana trafiki wao kwa wao. Ukikuta hali hii kwako, kupandisha kifurushi hakutakuokoa hata milisekunde moja. Muulize mtoa huduma, kwa maandishi, kama anabadilishana trafiki na mtandao unaokwenda, na wapi. Kama bado hujasaini mkataba, uliza kabla ya kusaini.

Tahadhari moja wakati wa kusoma traceroute, maana wengi hupotoka hapa. Alama ya nyota (*) katikati ya orodha si ushahidi wa pakiti kupotea. Ruta nyingi huwekewa kikomo cha majibu ya ICMP (ujumbe wa kupimia na kuripoti hitilafu, unaotumiwa na ping na traceroute) au hunyamaza kabisa. Vivyo hivyo, kituo cha katikati kinachoonyesha milisekunde 400 huku vinavyofuata vikionyesha 60 hakina tatizo: ruta hiyo ilichelewa kukujibu wewe kwa sababu kujibu si kazi yake ya kwanza, ila pakiti za wengine inazipitisha vizuri. Kinachohesabika ni ucheleweshaji unaoanza mahali fulani na kuendelea hadi mwisho. Na kumbuka kwamba unaona njia ya kwenda tu. Majibu yanaweza kurudi kwa njia nyingine kabisa, kwa hiyo pale unapoweza, omba traceroute kutoka upande wa pili pia.

Dalili: faili la seva ya jijini linashuka haraka, la ng'ambo linatambaa

Laini ni ileile, kompyuta ni ileile, na ping haionyeshi foleni. Angalia upotevu wa pakiti. Tuma ping 500 hivi na usome asilimia iliyopotea. Asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini kwa TCP ni kubwa mno, na umbali unaizidisha.

Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walitoa kanuni ambayo bado ni ya msaada kwa makadirio: kasi ya muunganisho mmoja ni ukubwa wa pakiti ukigawanywa kwa muda wa kwenda na kurudi, kisha ukizidishwa kwa 1.22 na kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu. Chukua pakiti za baiti 1460 na upotevu wa asilimia 1. Kwa seva iliyo milisekunde 10 kutoka kwako, unapata takriban Mbps 14. Kwa seva ya Ulaya iliyo milisekunde 150, unapata chini kidogo ya Mbps 1. Kifurushi cha Mbps 100 hakijagusa hesabu hiyo popote.

Kwa hiyo tafuta pakiti zinapopotelea. Pima kipande kwa kipande: kompyuta hadi ruta, ruta hadi kituo cha kwanza cha mtoa huduma, na kuendelea. Waya uliokanyagwa, kichwa cha RJ45 kilichobanwa vibaya, swichi ya zamani ambayo upande mmoja umejiweka kwenye nusu-dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu), au kiungo cha redio cha juu ya paa kilichoyumba baada ya upepo, vyote hivyo nimevikuta. Kwenye swichi soma kihesabu cha makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika. Kikipanda wakati unakiangalia, badilisha waya kabla ya kufanya lingine lolote.

Upotevu ukiwa upande wa mtoa huduma na huwezi kuuondoa, punguza umbali: weka nakala ya karibu ya masasisho na faili zinazotumika sana. Ikiwa seva ni yako, jaribu BBR, mbinu ya TCP ya kuamua kasi ya kutuma, iliyotolewa na Google mwaka 2016, ambayo haichukulii kila pakiti iliyopotea kuwa ishara ya msongamano.

Dalili: ping inapita, baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinaganda katikati

Tovuti inaanza kuja, kisha inasimama. SSH, ya kuendesha seva kwa mbali, inaunganika, lakini ukiomba orodha ndefu ya mafaili skrini inaganda. Barua pepe fupi zinakwenda, zenye viambatisho hazikwendi. Pakiti ndogo zinapita na kubwa zinamezwa kimya.

Pima kwenye Linux:

ping -M do -s 1472 anwani

Kwenye Windows:

ping -f -l 1472 anwani

Namba 1472 pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1500, ukubwa wa kawaida wa pakiti ya Etheneti. Ikikataa, shuka taratibu hadi ipite. Kwenye laini za PPPoE kikomo ni 1492, kwa hiyo 1464 ndiyo itakayopita; kwenye VPN na handaki nyingine ni chini zaidi.

Pakiti kubwa inapofika mahali pembamba, ruta ya hapo inapaswa kurudisha ujumbe wa ICMP kumwambia mtumaji apunguze. Kisha kuna msimamizi aliyezuia ICMP yote kwenye faiawoli akiamini anaongeza usalama. Ujumbe haufiki, mtumaji anaendelea kurudia pakiti ileile, na mtumiaji anaona kuganda. Ruhusu angalau ujumbe wa ICMP wa aina ya 3 msimbo wa 4, na kwa IPv6 ule wa aina ya 2, kwa sababu ruta za IPv6 hazikati pakiti njiani hata kidogo. Wakati unasubiri wengine warekebishe faiawoli zao, bana MSS (ukubwa wa juu wa data katika pakiti moja ya TCP) kwenye ruta yako:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Dalili: hakuna tovuti inayofunguka, lakini ping kwa anwani ya namba inajibu

Hii ni seva ya majina (DNS), inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Tumia amri ya dig kuuliza jina lilelile kwenye seva ya mtoa huduma na kwenye seva ya nje, linganisha majibu na muda. Badilisha seva kwenye ruta, au weka ya kwako yenye kumbukumbu ya karibu; ofisi ya watu 30 itaona tofauti. Jina likikosekana kila mahali, tatizo liko kwa mwenye jina. Oktoba 4, 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa Facebook, seva zake za majina zikajiondoa kwenye ramani ya njia za intaneti, na dunia nzima ikashinda ikiwasha na kuzima ruta zisizo na kosa.

Dalili: kila mtu analia, mitandao yote, nchi nzima

Usifungue ruta. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Miezi michache kabla, Februari, Seacom ilikuwa imekatika pia upande wa kaskazini, Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kupumulia ilikuwa imeshabana. Waliokuwa na uwezo kwenye mikongo mingine, kama TEAMS inayotoka Mombasa hadi Fujairah, walikuwa na pa kuhamia.

Kutambua hali hii kutoka mezani kwako, angalia tovuti za Cloudflare Radar au IODA ya Georgia Tech. Zinaonyesha, saa kwa saa, trafiki au muunganisho wa nchi unaposhuka. Halafu jaribu huduma zilizo ndani ya nchi. Zikifanya kazi vizuri huku za nje zikikwama, mkongo ndio uliokatika. Taasisi yenye laini mbili ihakikishe laini hizo hazipiti kwenye mkongo mmoja. Kampuni mbili tofauti zinaweza kuwa zimekodi nyuzi kwenye kebo ileile, na siku kebo ikikatika, zote mbili zinazimika pamoja.

Dalili: vipimo vyako na vya mtoa huduma havikubaliani

Mara nyingi wote mnasema kweli. Programu nyingi za kupima kasi huchagua seva ya karibu, wakati mwingine ndani ya mtandao wa mtoa huduma mwenyewe, na hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja. Hiyo hupima laini ya mwisho, na haisemi lolote kuhusu njia ya kwenda nje. NDT, kipimo cha kasi cha mradi wa M-Lab, hutumia muunganisho mmoja kwenda kwenye seva iliyo nje ya mtandao wa mtoa huduma, kwa hiyo namba zake huwa ndogo na hukaribia zaidi yale unayoyapata unapofanya kazi.

Kwa mwanafunzi anayeandika utafiti: kipimo kimoja cha mchana hakitoshi. Pima kila baada ya dakika chache kwa wiki nzima, siku za kazi na za mapumziko. Usitoe wastani peke yake; panga namba kutoka ndogo hadi kubwa, toa ya katikati na ile ya nafasi ya 95 kwa 100, kwa sababu mtumiaji huumizwa na zile mbaya, na wastani huzificha. Ukitaka kuona njia kutoka mitandao mingine, omba kifaa cha RIPE Atlas: ni kisanduku kidogo unachochomeka kwenye ruta, kinapima usiku na mchana, nawe unapata pointi za kuendesha vipimo kutoka kwenye vifaa vya wenzako duniani. Kwetu bado ni vichache mno, na kila kinachoongezwa nje ya miji mikuu kinaonyesha sehemu ya mtandao ambayo watafiti hawajawahi kuiona.

Ukimwandikia mtoa huduma, usiseme "mtandao uko chini". Andika anwani uliyopima, saa ya kuanza na kumaliza pamoja na ukanda wa saa, kwamba ulipima kwa waya, asilimia ya pakiti zilizopotea, ping ya mtandao ukiwa mtupu na ukiwa umejaa, na traceroute za pande zote mbili kama unazo. Barua ya namna hiyo humfikia mhandisi. Ile nyingine huishia kwa anayejibu simu, naye atakwambia uzime ruta na kuiwasha tena.